Daftari la mvua na meza ya waziri

Kuna kipindi nilipewa kazi ya kuingiza data za mvua kwenye kompyuta, data za zamani zilizoandikwa kwa mkono kwenye madaftari, na mi nikajua ni kazi ya wiki mbili hivi, unakaa, unabonyeza namba, unamaliza unaondoka. Ikachukua miezi. Na mpaka leo watu wakianza kuongelea tabianchi na sera na mikutano mikubwa, kichwani hainijii picha ya ukumbi wenye bendera, yananijia yale madaftari.

Ngoja nieleze yalivyokuwa. Ukurasa mmoja ni mwezi mmoja, kuna safu ya tarehe, safu ya milimita, na pembeni nafasi finyu ya maelezo. Kila siku saa tatu asubuhi mtu anatoka anaenda kwenye kipima mvua, anamimina maji kwenye ile glasi yenye mistari, anainama mpaka jicho liwe sawa na maji, anasoma, anaandika, anamwaga. Siku haijanyesha anaenda vilevile, anakikuta kikavu, anaandika 0.0. Siku yamedondoka matone yasiyopimika anaandika TR. Ukifika mwaka fulani mwandiko unabadilika, unajua huyu ama kastaafu ama kahamishwa, kaja mwingine ambaye saba yake ina mkia. Halafu unafungua ukurasa mmoja, siku tisa za mwisho wa mwezi hazina kitu. Hakuna 0.0, hakuna TR. Tupu.

Mi siku ile nikajaza sifuri. Niliona kama ndo inavyotakiwa, hajaandika mvua basi hakukuwa na mvua. Mama aliyekuwa anasimamia ile kazi akapitia, akanyamaza kidogo, akaniambia, "Mwanangu, hapo hajasema hakuna mvua. Hapo hajasema kitu." Nikarudi nikafuta zote tisa.

Ilinichukua muda kuelewa uzito wa maneno yale. Sifuri maana yake kuna mtu alienda akaangalia. Tupu maana yake hakuna aliyeenda, au alienda akashindwa. Sasa ukichanganya hivyo viwili katikati ya msimu wa mvua, umetengeneza ukame ambao haukutokea, na miaka thelathini baadaye kuna mtu atapiga wastani, atakuta mvua imepungua, ataandika ripoti, ripoti itaingia kwenye mpango wa taifa, na huko mwisho kuna mkulima ataambiwa abadilishe mbegu kwa sababu ya siku tisa nilizozijaza mimi.

Kwa hiyo ukiniuliza utafiti unasaidiaje sera ya tabianchi ya nchi, mi naanzia hapo. Sera yoyote ile ukiifukua kidogo unakuta namba, na chini ya namba unakuta mtu aliyeamka akaenda kupima. Na kinachoniuma ni kwamba huyo wa chini kabisa ndo bajeti yake inakatwa ya kwanza, kwa sababu kazi yake haina habari ya kutangaza, leo kapima, jana kapima, kesho atapima.

Chukua ule mchoro maarufu wa hewa ukaa, ule mstari unaopanda kama meno ya msumeno. Mwanasayansi Charles David Keeling alianza kupima Machi 1958 juu ya mlima Mauna Loa kule Hawaii, namba ya kwanza ikawa sehemu 313 kwenye kila milioni. Leo tumeshapita 420. Kabla ya viwanda ilikuwa karibu 280, hiyo inajulikana kutokana na mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa ndani ya barafu. Kwamba hii gesi inashika joto lilikuwa jambo la zamani, Eunice Foote alianika mitungi ya kioo juani akaripoti mwaka 1856, Tyndall akaja 1859, Arrhenius akapiga hesabu nzito kwa mkono 1896. Ila kipimo cha mfululizo, makini, kinachokuonyesha inapanda mwaka kwa mwaka, kilianza na Keeling. Na kwa miaka mingi alipambana na watoa hela waliokuwa wanaona ile ni kazi ya kawaida tu, sio utafiti! Mwaka 1964 hela zikapungua, vipimo vikasimama kwa miezi, na lile pengo lipo kwenye data mpaka leo, huwezi kurudi 1964 kwenda kupima hewa ya 1964. Keeling alifariki 2005 na mwanae Ralph akaendeleza. Novemba 2022 volkano ya mlima huohuo ikalipuka ikakata umeme na barabara, ikabidi wahamishie vipimo kwa muda mlima wa jirani, Mauna Kea, kuliko kuacha mstari ukatike.

Habari ya ozoni, ile gesi ya huko juu angani inayotukinga na miale mikali ya jua, nayo ni hivyohivyo. Kituo cha Halley kule Antaktika kilikuwa kinapima ozoni tangu miaka ya 1950, mwaka baada ya mwaka, mpaka watafiti Farman, Gardiner na Shanklin walipochapisha 1985 kwamba kila msimu wa kuchipua wa kule ozoni inaporomoka. Mkataba wa Montreal, wa kubana gesi zinazoila ozoni, ulisainiwa 1987. Miaka miwili tu! Serikali za dunia kukubaliana kitu ndani ya miaka miwili ni jambo la nadra sana, na lilichangiwa sana na kwamba wanakemia Molina na Rowland walishaeleza tangu 1974 hizo gesi za mafriji na makopo ya kupulizia zinafanya nini huko juu, kwa hiyo maelezo yalikuwepo na kipimo kikaja kikagonga muhuri.

Sasa tabianchi ni ngumu zaidi ya ozoni, kila mtu anaijua sababu, nishati iko kwenye kila kitu. Hapo ndo linaingia lile jopo la IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, lililoundwa 1988, na watu wengi wanadhani IPCC inafanya utafiti. Haifanyi. Inasoma. Ripoti moja tu ya Agosti 2021, ile ya sayansi ya msingi, ilikuwa na waandishi 234, walipitia machapisho zaidi ya 14,000 na wakajibu maoni zaidi ya 78,000 ya wahakiki. Halafu ule muhtasari wa watunga sera unapitishwa mstari kwa mstari, serikali zote zimekaa, sentensi inarushwa kwenye skrini, nchi hii inasema neno hili libadilishwe, nchi ile inakataa, usiku unaingia, na wanasayansi wamekaa pembeni kulinda isije ikaandikwa kitu ambacho ushahidi hausemi. Watu wanalalamika kwamba hii inafanya lugha iwe ya tahadhari kupita kiasi na mi nakubali ni kweli, ila kuna faida yake kubwa ambayo haisemwi sana: serikali ikishaipitisha ile sentensi, haiwezi kesho kusimama kwao ikasema haiitambui.

Uholanzi wanalijua hili vizuri. Shirika linaitwa Urgenda na raia karibu 900 waliishtaki serikali yao 2013. Hoja yao kubwa haikuwa maneno makali, ilikuwa namba: ripoti ya IPCC ya 2007 ilikuwa imesema nchi tajiri zinatakiwa kupunguza gesijoto kwa asilimia 25 hadi 40 ifikapo 2020 ukilinganisha na 1990, kama tunataka nafasi nzuri ya joto la dunia kutopanda zaidi ya nyuzi mbili, na serikali ilikuwa inaelekea kwenye kama asilimia 17. Mahakama ya wilaya ikakubaliana na raia 2015, serikali ikakata rufaa ikashindwa, ikaenda juu tena, na tarehe 20 Desemba 2019 mahakama ya juu kabisa ya nchi ikasema angalau asilimia 25, basi. Jedwali lililoandikwa na watafiti, ndani ya ripoti iliyokubaliwa na serikali zenyewe, likageuka amri ya mahakama. Na Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa maoni yake kuhusu wajibu wa nchi kwenye tabianchi nayo ikazichukua ripoti hizohizo za IPCC kama sayansi bora iliyopo. Mi nilipokuwa nasoma habari za ile kesi nilikuwa nafikiria wale waandishi, wengi wanafanya ile kazi bila kulipwa na IPCC, wanabishana jioni kuhusu koma.

Lakini namba za dunia hazikutoshi kuendesha nchi, na hapa ndo nataka nikae kidogo.

Agosti 2003 joto liliikamata Ufaransa, na ndani ya wiki mbili walikufa watu karibu 15,000 zaidi ya kawaida, wengi wazee, wengi wakiwa peke yao ndani. Nchi tajiri, yenye hospitali nzuri na huduma ya hali ya hewa ya uhakika. Utabiri wa joto ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu kuwa amekaa chini kabla akaunganisha namba za joto na namba za vifo, akasema, joto likifika hapa, watu wanaanza kufa. Baada ya msiba ule watafiti wa afya na wa hali ya hewa wakakaa pamoja wakachukua rekodi za miaka na miaka, vifo vya kila siku upande mmoja, joto la mchana na la usiku upande wa pili, na mwaka 2004 mpango wa taifa ukaanza. Kilichonivutia mimi ni kwamba hawakuweka namba moja kwa nchi nzima. Paris kengele inalia wastani wa siku tatu ukifika nyuzi 31 mchana na 21 usiku. Toulouse, kusini, mchana ni 36, kwa sababu watu wa Toulouse na nyumba zao wamezoea joto zaidi. Na angalia usiku nao umewekwa, maana mwili wa mzee unaweza kuvumilia mchana mkali kama usiku unampa nafasi ya kupumua, usiku ukikataa kupoa moyo ndo unashindwa. Hicho kitu huwezi kukijua kwa kukaa ofisini ukawaza, lazima uhesabu vifo.

Kengele ikilia kunakuwa na kazi ya mtu na mtu: nyumba za wazee zinatakiwa kuwa na chumba kilichopozwa, manispaa ina orodha ya wazee na wagonjwa waliojiandikisha na inawapigia simu, hospitali zinaongeza watu. Joto kali likarudi Julai 2006. Watafiti wakafanya hesabu, kwa joto lile, kwa uhusiano uliokuwepo zamani, walitegemea vifo vya ziada kama 6,400. Vikatokea kama 2,000. Sio yote ni kwa sababu ya mpango, watu nao walikuwa wamejifunza kwa uchungu wa 2003, hata watafiti wenyewe wanasema hivyo. Lakini watu zaidi ya elfu nne. Mi hesabu hii naipenda kuliko karibu zote kwenye fani hii kwa sababu imefunga mduara, utafiti ukatengeneza sera, halafu utafiti ukarudi kuuliza je imefanya kazi? Hilo la pili nchi nyingi hazilifanyi kabisa, mpango unazinduliwa, picha zinapigwa, miaka mitano inapita, unakuja mpango mpya na hakuna aliyeuliza ule wa kwanza uliishia wapi.

Brazil ni hadithi nyingine na yenyewe inauma na inatia moyo kwa pamoja. Taasisi yao ya utafiti wa anga, INPE, inapima ukataji wa msitu wa Amazon kila mwaka tangu 1988 kwa picha za satelaiti. Ila kipimo cha mwaka kinakuambia maiti ziko ngapi, hakikuambii mtu anakata sasa hivi wapi. Mwaka 2004 ukataji ulifika kilomita za mraba 27,772 kwa mwaka mmoja, serikali ikatoka na mpango, na INPE ikaanzisha mfumo mwingine unaitwa DETER ambao kazi yake ni kutoa tahadhari haraka ili askari wa mazingira waende wakakute msumeno bado unanguruma. Wakaongeza na mambo mengine, kama kubana mikopo ya benki kwa wanaokata kinyume cha sheria na kuziweka wilaya zenye ukataji mkubwa kwenye orodha. Ikifika 2012 ukataji ulikuwa umeshuka hadi karibu kilomita za mraba 4,600. Wakataji nao sio wajinga, waligundua satelaiti ile ya mwanzo haioni vizuri eneo dogo chini ya hekta 25, wakaanza kukata vipande vidogovidogo, ikabidi watafiti watafute picha zenye macho makali zaidi. Yaani ni kukimbizana, utafiti hapo sio kitabu cha rafu, ni ulinzi wa kila siku.

Halafu 2019 namba za INPE zikaonyesha ukataji unapanda, rais wa wakati ule Jair Bolsonaro akasema hadharani namba sio za kweli, mkurugenzi Ricardo Galvão akasimama na data za watu wake, Agosti akaondolewa kazini. Kipimo hakikuzimwa. Wafanyakazi waliendelea kutoa namba, 2021 ikafika zaidi ya kilomita za mraba 13,000, na kwa kuwa picha na takwimu ziko wazi kwa mtu yeyote kuchukua, ikawa vigumu kuzificha. Serikali ilipobadilika 2023 mpango ukafufuliwa na ukataji ukashuka tena, 2024 ilikuwa kama 6,300. Galvão akapewa kuongoza baraza la taifa la utafiti. Nimeisimulia kirefu kwa sababu watu hudhani utafiti ukishakuwepo sera inafuata, hapana, inaweza isifuate miaka minne mizima, ila data ikiendelea kuwekwa wazi yule atakayekuja baadaye anakuta pa kushika.

Sasa kuna eneo ambalo halina msisimko wowote na ndo lenye hela nyingi, hesabu za gesijoto za taifa. Chini ya Mkataba wa Paris, ule wa nchi za dunia kuhusu tabianchi, kila nchi inapeleka ahadi yake kila miaka mitano, na ripoti za maendeleo kila miaka miwili, na ripoti zinatakiwa kusema umezalisha kiasi gani. Unahesabuje? Hakuna anayezunguka na mashine nyuma ya kila ng'ombe. Unachukua idadi ya ng'ombe unazidisha na kiasi cha methani, gesijoto inayotoka tumboni mwake, ambacho ng'ombe mmoja anakadiriwa kutoa kwa mwaka. Miongozo ya IPCC ya 2006 inakupa hiyo namba ya kuzidishia, wameigawa kwa maeneo makubwa ya dunia, na kama huna utafiti wako unaichukua hiyo, inaitwa ngazi ya kwanza. Nchi ikiwa na utafiti wake, ng'ombe wetu wana kilo ngapi, wanakula nini, wanatembea umbali gani, wanatoa maziwa kiasi gani, inapanda ngazi ya pili.

Unaweza kuona ni mambo ya wahasibu lakini fikiria. Ngazi ya kwanza idadi ya ng'ombe ndo kitu pekee kinachobadilisha jibu. Ukiboresha malisho, ukatibu magonjwa, kila lita ya maziwa ikatoka na methani kidogo kuliko zamani, hesabu haioni, njia pekee ya kuonekana umepunguza ni kupunguza mifugo. Umefanya kazi kubwa na kwenye karatasi hujafanya kitu. Na watafiti waliopima mifugo ya wafugaji wadogo magharibi mwa Kenya walikuta tofauti kubwa na ile namba ya kuazima, wanyama ni wadogo, kuna miezi malisho yanapungua na uzito unashuka, sasa methani ya mnyama wa namna hiyo utaiazimaje kutoka kwa mwingine? Nchi inayoazima namba inakuwa inaongelea mifugo ambayo haipo kwake. Kwa mimi hii ndo sababu kubwa kuliko zote ya nchi maskini kuwekeza kwenye utafiti wake yenyewe, kabla hata ya modeli za kisasa na vituo vyenye majina makubwa: pima vya kwako.

Na upande wa modeli, zile hesabu za kompyuta zinazokadiria tabianchi ya mbele, pia shida ni ileile. Modeli za dunia zinagawa ardhi vipande vya kama kilomita 100 kwa 100, mlima wote na bonde lake viko kwenye kipande kimoja, kwa hiyo kuna kazi ya kuzishusha zifike kwenye ukubwa ambao mpangaji anaweza kutumia, na ukizishusha lazima ulinganishe na kitu halisi kilichopimwa chini, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilishasema vituo vya ardhini Afrika ni kama sehemu moja ya nane tu ya kiwango cha chini kinachopendekezwa. Unalinganisha na nini? Satelaiti inasaidia sana, sitaki kuidharau, ila nayo inasahihishwa na kipima mvua.

Kuna kitu kingine lazima nikiseme kuhusu watu. Mtafiti na ofisa wa wizara wanaongea Kiswahili kilekile lakini hawaelewani. Mtafiti amefundishwa kutaja mashaka kwanza. Ofisa ana mkutano saa nane na ana jedwali lenye kisanduku kimoja cha kujaza. Niliwahi kukaa kwenye kikao ambacho mtafiti alionyesha michoro 40, zote nzuri, na mwisho ofisa mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, kwa hiyo mi niandike ngapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Hakuna aliyekosea pale, hakukuwa na mtu wa katikati tu. Nchi zilizofanikiwa zimetengeneza huyo mtu wa katikati kwa sheria, Uingereza kwa mfano sheria yao ya 2008 iliunda kamati huru ya wataalamu ambayo kazi yake ni kuishauri serikali bajeti ya gesijoto ya kila miaka mitano na kuripoti bungeni kila mwaka kama inafuatwa, na ndo kamati hiyo iliyoshauri 2019 lengo la kupunguza gesijoto litoke asilimia 80 lifike sifuri halisi, yaani kinachotolewa kisizidi kinachoondolewa hewani, ifikapo 2050, likapita mwaka uleule.

Na mashaka yenyewe yanaweza kupangwa. Mpango wa kulinda mlango wa mto Thames na London dhidi ya bahari kupanda, uliotoka 2012, haukusubiri mtu aseme bahari itapanda sentimita ngapi kamili. Uliweka njia kadhaa, na ukasema tutakuwa tunapima vitu hivi na hivi, kipimo kikifika hapa tunahamia njia ile, na tuanze maandalizi miaka kadhaa kabla maana ujenzi unachukua muda. Yaani sera imeandikwa ikiwa na kipimo ndani yake. Ukiacha kupima, sera inakuwa kipofu.

Narudi kwenye madaftari yangu. Tulipomaliza, kituo kimoja kilikuwa na miaka 38, na siku moja akaja mhandisi wa barabara, alikuwa anasanifu kalavati kwenye mkondo wa maji chini kidogo ya kituo kile. Alitaka kitu kimoja, mvua kubwa ya siku moja ambayo kwa wastani inakuja mara moja kila miaka 50. Unapata hivi: unachukua siku moja yenye mvua kubwa kuliko zote kwenye kila mwaka, unapata namba 38, unazipanga, unapitisha mstari wa kitakwimu, unasoma. Bomba likiwa dogo maji yanapanda juu ya barabara na kuibeba, likiwa kubwa sana umekula hela ya madarasa. Tukazipanga. Mwaka mmoja kilele chake kilikuwa kidogo cha ajabu, wakati vituo viwili vya jirani mwaka huohuo vilikuwa na mvua kubwa sana, tena tarehe zilezile. Nikafungua kuangalia. Ulikuwa ni ule mwaka wa zile siku tisa.

Mhandisi akaniuliza kama tunajua kilitokea nini, nikamwambia hapana, haijaandikwa. Mama msimamizi akasema tuchukue daftari lenyewe, tuachane na kompyuta. Tukaenda nalo dirishani. Ukurasa wa mwezi ule, siku tisa tupu kama nilivyoukumbuka. Akafungua ukurasa unaofuata, ambao mimi nilikuwa nimeuingiza namba zake zote miezi mingi nyuma na nikaruka ile safu finyu ya pembeni kwa kuwa hatukuwa tumeambiwa tuiandike. Tarehe moja, kalamu ya rangi nyingine, maneno yamebanana kwa ajili ya nafasi: kipima cha zamani kimechukuliwa na maji, kipya kimefungwa leo.

Mhandisi akaisoma mara mbili, akatoa daftari lake mwenyewe, akanakili.